Puti ya epoksi: ndani jiwe, juu inanata. Ni baridi ya Arusha, maji, au mchanganyiko?

#1 Sanamu_Sakina
Wakuu habari. Naomba hii tuichambue vizuri.

Kazi ni sanamu ya mpagazi wa Kilimanjaro, skeli ya 1:12, kwa hiyo mtu wa mita 1.72 anatoka sentimita 14.3 hivi. Mifupa ni waya wa shaba wa umeme wa milimita 2.5 za mraba. Kifua na mzigo wa kichwani ni foili ya jikoni iliyobanwa. Juu yake puti ya epoksi ya nusu kwa nusu (vipande viwili unavyovikanda pamoja ndipo ikaze), ile ya polepole: paketi inasema saa 1 hadi 2 za kufinyanga, saa 24 kukomaa. Sehemu ni Sakina, Arusha, mwezi wa saba, chumba hakina joto lolote.

Zimepita saa 48. Mapaja na mzigo vimekuwa jiwe, ukigonga vinalia. Uso, vidole na mikunjo ya koti vinanata, ukucha unaacha alama na vumbi linashika. Donge ni lile lile, limechanganywa mara moja. Kwa nini penye unene pakaze na penye wembamba pagome?

#2 Upepo_wa_Meru
Baridi hiyo mkuu, usizunguke mbali. Saa 24 za kwenye paketi ni za nyuzi 20 hadi 25. Kadirio la mafundi ni kwamba joto likishuka nyuzi 10, muda unakuwa mara mbili. Usiku wa Julai hapa kwetu unafika nyuzi 12. Toka 25 mpaka 12, saa 24 zinageuka karibu 60. Wewe uko 48. Subiri.

#3 Mangi_wa_Rau
Machalii wa Chuga kila kitu mnasingizia baridi. Huku Moshi Februari ni nyuzi 33, shida yetu ni donge kuanza kukaza kabla hujamaliza pua. Na huku huku kwenye joto uso wa sanamu unanata mara nyingine, hasa sehemu ndogo ndogo. Ingekuwa baridi peke yake, Moshi tungekuwa salama.

#4 Kona_ya_Kijenge
Mimi nasema ni unyevu wa hewa. Kipindi cha ukungu hewa imejaa maji, puti inashindwa kutoa maji yake. Iwekee feni usiku kucha, asubuhi utakuta imekauka.

#5 KemiaKidogo
Hapana mkuu #4, nusu ya hilo lina ukweli lakini sababu uliyoweka siyo. Puti ya epoksi haikauki kwa kutoa maji wala kwa kutoa chochote. Kipande kimoja ni rezini, kingine ni hadena ya kuikaza, na vinashikana vyenyewe kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana inakaza hata ukiitumbukiza kwenye ndoo ya maji, na mafundi bomba wanaziba nayo mabomba yanayovuja. Feni haisaidii. Inapoza tu, kwa hiyo itachelewesha zaidi.

Sasa kwa mleta mada. Swali lako la unene na wembamba lina jibu moja zuri: mshikamano ule unazalisha joto. Donge nene linajipasha lenyewe kwa sababu joto halina pa kutokea haraka. Kidole cha milimita 2 kinapoteza joto lake lote kwenye hewa ya chumba, na mfupa wa shaba unalivuta kutoka ndani. Paja lako lilikomaa kwa joto lake, kidole kinategemea hewa ya Sakina. Kwa hiyo #2 yuko sahihi kwa vidole, na paja halimpingi.

#6 MamaVinyago
KemiaKidogo mwanangu, hesabu ni nzuri ila uliza kwanza mleta mada alilainisha kwa nini. Uso, vidole na mikunjo ndiko kunakopita kifaa chenye maji au Vaseline. Paja hulainishi, unalifinya kwa kidole na kuliacha. Sehemu zilizonata ni zile zile zilizoguswa sana, sioni kama hiyo ni bahati.

Vaseline haikauki milele. Ukiipitisha kwenye puti mbichi ukaisugua, inaingia kwenye ngozi ya juu na kukaa humo. Maji nayo yana kipimo. Kifaa kiwe na unyevu, kisidondoshe. Ukiona maji yanageuka meupe na kuteleza, umeshaanza kuiyeyusha ngozi ya puti, na hadena inaoshwa pamoja nayo.

#7 Nondo_Nane
Kabla hatujaenda mbali, ni epoksi kweli au ni puti ya bodi ya gari? Watu wengi pale mtaani Unga Limited wanauziwa ya kopo na tyubu ndogo nyekundu ya hadena. Hiyo ni poliesta. Hadena yake ni asilimia 2 hivi tu, harufu kali ya stairini inajaza chumba. Poliesta ndiyo inayozuiwa na oksijeni isikomae juu, ndani inakaza juu inanata. Dalili zako ni zile zile.

#8 Sanamu_Sakina
#7 ni epoksi, mkuu. Vipande viwili vya unene sawa, kimoja cheupe kimoja cha kijivu, harufu kidogo tu ya hadena, hakuna stairini.

#6 mama, maji yalitumika usoni na kwenye vidole. Vaseline kwenye mikunjo ya koti tu. Zote zinanata kwa namna moja.

#9 Upepo_wa_Meru
Umeona mama? Penye maji na penye Vaseline kote kunanata sawa. Kitu kimoja kinachoziunganisha ni wembamba. Baridi.

#10 MamaVinyago
Kinachoziunganisha ni kwamba zote zimesuguliwa na kitu kisicho puti. Bado nipo palepale.

#11 KemiaKidogo
Kuna la tatu, na hapa ndipo #4 anapopata nusu yake. Hadena nyingi za epoksi ni za kundi la kemikali linaloitwa amini. Amini ikikaa juu kwenye baridi na hewa yenye unyevu, inashikana na kaboni dioksidi na maji ya hewani kabla haijashikana na rezini. Inazaa utando wa nta, unanata au unateleza kwa mkono. Puti yenyewe chini yake inaweza kuwa imekomaa kabisa. Baridi ndiyo inayoleta hali hiyo kwa sababu inaipa amini muda mrefu wa kukaa wazi. Moshi ikipata mvua ya masika na hewa nzito, utando unatokea hata kwenye joto, kwa hiyo mangi #3 naye anapata jibu.

Namna ya kutofautisha: maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki laini. Sugua dakika moja, suuza, futa. Kunata kukiondoka, ulikuwa utando na kazi yako ni nzima. Kukibaki, puti haijakomaa. Usianze na thina wala asetoni. Haziuyeyushi utando vizuri, zinausambaza tu, na kama puti ni mbichi zitaila.

#12 Bodi_na_Rangi
Mmeruka jambo la kwanza kabisa: uchanganyaji. Puti za ukanda, kama ile ya kijani inayouzwa kwa bluu na njano, zinakuja vipande viwili vimegusana. Pale katikati palipogusana pameshakaza tangu dukani. Usipokata milimita 2 za katikati ukazitupa, utapata punje ngumu ndani ya donge. Hata hizi za vipande vilivyotengana, hadena iliyokaa wazi inatengeneza gamba. Ukilichanganya lile gamba, uwiano wako wa nusu kwa nusu ni wa macho tu.

Pili ni muda. Ya polepole ikandwe dakika 4 hadi 5 kamili. Vuta, kunja, zungusha, vuta tena. Rangi kuwa moja juu hakutoshi. Likate donge katikati kwa kisu uangalie ndani. Ukiona mstari, rudi kukanda. Mstari wenye rezini tupu hautakomaa hata ukae mwaka, na ukifinyanga uso mdogo kutoka kwenye pembe ya donge ambayo haikukandwa, uso wote unakuwa na rezini nyingi. Ndivyo donge moja linavyotoa paja zuri na uso mbovu.

#13 Nondo_Nane
#12 umesema la maana. Niongeze: watu wanapima kwa jicho, na kwenye vipande vidogo kosa ni kubwa. Donge la ukubwa wa harage, ukikosea robo ya upande mmoja, umeshaharibu. Changanya angalau gramu 10 kwa mara moja hata kama unahitaji gramu 4. Mizani ya sonara inayosoma gramu 0.1 inatosha. Angalia tu kama paketi imesema kwa uzito au kwa ujazo, maana hadena na rezini hazina uzito sawa kwa ujazo mmoja.

Ile ya bluu na njano inavumilia kidogo. Ukizidisha njano inakuwa laini na yenye mpira, inafaa nguo. Ukizidisha bluu inakaza zaidi na kushika makali, inafaa panga na mikuki. Puti ya Milliput ya kutoka Wales haitaki mchezo huo, iache nusu kwa nusu. Ila Milliput inakubali maji kuliko zote, unaweza kuiyeyusha ukaipaka kwa brashi kwenye nyufa.

#14 Tamu_ya_Kahawa
Naomba kuuliza pembeni kidogo. Hizo za kuagiza bei ni kubwa na zinachelewa. Kuna anayetengeneza puti kwa epoksi ya tyubu mbili ya dukani na poda ya mtoto?

#15 Mangi_wa_Rau
Inawezekana dada. Unachukua tyubu A unaikanda na poda mpaka inakuwa donge, tyubu B hivyo hivyo, unahifadhi madonge mawili. Ukitaka kazi unachanganya nusu kwa nusu.

#16 KemiaKidogo
Hapo mangi nasahihisha. Ukiweka poda upande mmoja zaidi ya mwingine, donge la nusu kwa nusu halina tena rezini na hadena za nusu kwa nusu. Changanya maji maji kwanza, A na B kwa uwiano wa tyubu, dakika 2 kwenye kigae au kioo. Ndipo uanze kuongeza poda. Gramu 10 za mchanganyiko, anza na gramu 10 za poda, halafu ongeza kidogo kidogo mpaka iache kushika glavu na iwe kama unga wa chapati uliokandwa vizuri.

Soma kopo la poda. Iwe ya talki. Siku hizi nyingi ni wanga wa mahindi, na wanga unabeba unyevu, unatoa puti yenye vinyweleo. Na epoksi iwe ya dakika 60 au zaidi. Ile ya dakika 5 itakaza huku bado unamimina poda. Nyingi za haraka zina hadena yenye salfa, utaijua kwa harufu ya yai bovu.

#17 Kinyago_Mpingo
Talki inatoa nyeupe. Kwa wanaotengeneza vinyago vilivyovunjika, pembe ya kudu au mkuki wa mmoran, tumia vumbi la mpingo la msasa badala ya talki. Rangi inakaribia mbao yenyewe. Tahadhari moja: mpingo una mafuta yake, na yanazuia epoksi isikomae. Hii inaweza kuwa sababu hata ya mleta mada kama meza yake ni ya vinyago.

#18 Nondo_Nane
Mafuta ya mpingo yanazuia poliesta na vanishi za mafuta, hilo linajulikana. Epoksi hainyimwi kukomaa kwa njia hiyo. Kinachotokea kwenye epoksi ni kutoshika: inakaza vizuri halafu inabanduka, kwa sababu uso wa mbao una mafuta. Futa kwa asetoni kwenye kitambaa kisafi, subiri dakika chache ikauke, bandika siku hiyo hiyo kabla mafuta hayajapanda tena. Toboa shimo la milimita 2 pande zote mbili uweke pini ya waya. Kiungo cha pembe bila pini kitaachia.

Na vumbi la mpingo vaa barakoa. Linawasha ngozi na kifua, usilichezee.

#19 Kinyago_Mpingo
Pini nakubali. La mafuta bado nina mashaka, maana kwenye vumbi laini eneo la kugusana ni kubwa kuliko kwenye ubao.

#20 Sanamu_Sakina
Turudi. Nimeosha kama #11 alivyosema. Koti limekuwa kavu kabisa, halinati tena. Uso umepungua lakini ukucha bado unaacha alama kidogo. Vidole havijabadilika.

#21 MamaVinyago
Koti lilikuwa na Vaseline. Sabuni inaondoa Vaseline. Sihitaji kuongeza.

#22 KemiaKidogo
Mama, sabuni inaondoa utando pia. Jaribio lile haliwezi kutenganisha hivyo viwili kwenye koti. Uso na vidole ndivyo vinavyotuambia kitu, na vyenyewe vilipata maji tu.

#23 Upepo_wa_Meru
Vidole vyembamba kuliko uso, uso mwembamba kuliko koti lililokaa juu ya kifua kinene. Mpangilio ni ule ule wa unene. Mpashe joto huyo mpagazi.

Boksi la katoni, balbu ya uzi ya wati 40 ndani, kipimajoto cha chumba ukutani mwake. Balbu ya LED haitoi joto la kutosha. Lenga nyuzi 40 hadi 45, saa 3. Balbu isiguse katoni, acha nafasi ya mkono mzima, toboa matundu mawili juu, na usitoke ukaliacha peke yake. Umeme ukikatika, gari lililofungwa vioo juani mchana linafika nyuzi hizo bila shida.

#24 Bodi_na_Rangi
Kwa kazi ya saa 48 sawa. Kwa kazi mbichi usithubutu. Joto linalegeza puti kabla halijaikaza: pua inashuka, mikunjo inajaa, kidole kinainama. Iache kwanza ikaze kwenye joto la chumba mpaka kidole hakiachi alama ya kuzama, ndipo uiweke boksini. Na foili ndani ina hewa. Ikipashwa ghafla hewa inatanuka, inasukuma puti changa na kupasua nyufa begani na mgongoni. Panda taratibu, nyuzi 30 nusu saa kwanza.

Jambo lingine linaloendana na #23: epoksi iliyokaa kwenye baridi sana haichelewi tu, inafika mahali inasimama. Inakuwa ngumu kiasi kwamba rezini na hadena zilizobaki haziwezi kusogea zikutane. Kusubiri wiki nzima kwenye nyuzi 12 hakutamaliza kazi. Joto linaziachia tena.

#25 Mangi_wa_Rau
Na sisi wa joto? Donge langu... saa 1 ya paketi inakuwa dakika 30.

#26 Nondo_Nane
Mangi, changanya kidogo kidogo na ulilaze donge liwe bapa, lisijipashe. Linalosubiri lifunge kwenye nailoni uliweke friza, litalala kwa saa nyingi. Likitoka usilifungue hapo hapo. Acha lirudi kwenye joto la chumba likiwa bado limefungwa, la sivyo umande utakaa juu yake na utarudi humu na swali la mleta mada.

Hapo hapo niseme kuhusu friza: rezini yenyewe ikikaa sana kwenye baridi inaganda punje punje nyeupe, inakuwa na mchanga mkononi. Haijaharibika. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, iweke kwenye maji ya nyuzi 50 hadi punje ziishe, ipoe, ndipo uchanganye. Mleta mada, cheki na hili. Puti iliyokaa stoo ya Arusha Juni na Julai inaweza kuwa na punje ambazo hazikuchanganyika.

#27 Bodi_na_Rangi
Hilo linaingia kwenye hoja yangu ya #12. Mchanganyiko.

#28 Tamu_ya_Kahawa
Asanteni, nimepata mengi. Glavu zipi? Za hospitali zinaniteleza.

#29 MamaVinyago
Naitraili dada, za bluu au nyeusi. Za mpira wa kawaida rezini inapita polepole. Glavu si urembo hapa. Ngozi ikishaichukia epoksi, haiikubali tena, kila ukiigusa unavimba na kuwashwa. Ikikugusa osha kwa sabuni na maji. Usioshe mikono kwa thina, inaisafirisha rezini ndani ya ngozi. Na msasa upige ukiwa na maji, P240 kisha P400, vumbi lisiruke. Usifinyangie kikombe wala kijiko cha kulia.

#30 Kona_ya_Kijenge
Nakubali kuhusu feni. Lakini mleta mada, vidole hivyo vya milimita 2 vina waya ndani? Shaba ya 2.5 za mraba ina kipenyo cha milimita 1.8. Kwenye kidole cha milimita 2 imebaki ngozi ya puti ya milimita 0.1 kila upande. Hiyo itabanduka hata ikikomaa.

#31 Sanamu_Sakina
Waya unaishia kiganjani. Vidole ni nyuzi nyembamba za waya wa simu, zimezungushwa kwenye kiganja na kugandishwa kwa supa glu.

#32 Nondo_Nane
Waya wa simu unakuja na ngozi ya plastiki, umeimenya yote? Na supa glu iliyomwagika juu ya waya inaacha uso laini ambao puti haishiki. Puti isiyoshika chini inasogea ukiigusa kwa ukucha, unadhani ni mbichi. Pitisha ncha ya sindano pembeni ya kidole. Ikizama ni mbichi. Kidole kizima kikizunguka kwenye waya, kimekomaa ila hakijashika.

Wakati mwingine, tabaka la kwanza juu ya waya liwe la milimita 1, likomae, likwaruzwe kwa P120, lioshwe, ndipo nyama ije juu.

#33 Bodi_na_Rangi
Usipake praima ya mafuta ya kopo juu ya huo uso sasa. Amini iliyobaki juu inaizuia rangi ya mafuta isikauke, halafu tutakuwa na vitu viwili vinavyonata na hatutajua kipi ni kipi.

#34 Sanamu_Sakina
Sitapaka. Nimepitisha sindano: kidole gumba inazama, vidole vingine vinne vinazunguka kwenye waya. Vyote vya mkono mmoja, donge moja.

Nafanya vipande vitano vya majaribio kutoka donge moja la gramu 20, lililokatwa katikati na kukaguliwa: kimoja cha milimita 10 kikavu, cha milimita 2 kikavu, cha milimita 2 kwa maji, cha milimita 2 kwa Vaseline, na cha milimita 2 ndani ya boksi la balbu baada ya saa 6. Vinne vya kwanza vinabaki dirishani na kipimajoto. Nitaandika hapa kila baada ya saa 12.

#35 Upepo_wa_Meru
Ongeza cha sita cha milimita 2 kikavu, kifunge kwenye nailoni hewa isikiguse. Kikinata hicho, utando unatoka kwenye orodha.

#36 MamaVinyago
Nailoni isiwe imegusa puti, itaacha alama na kuvuta ngozi. Kifunike kwa glasi iliyopinduliwa, ukingo uuzibe kwa plastasini.